Kila Kitabu na Mpinzani Wake

Swali hili hunifikia mara kwa mara, maana watu wanajua naandika kuhusu vitabu, na wanajua pia kwamba jioni kadhaa kwa wiki utanikuta dojo. Linakuja hivi: nimeanza karate, au judo, au masumbwi, nisome nini? Na mara nyingi anayeuliza ameshapewa jibu na mtu mwingine. Ameambiwa asome Musashi, asome Hagakure, asome Bushido ya Nitobe, asome kile kitabu cha Mjerumani aliyejifunza upinde Japani, asome maisha ya Funakoshi, halafu amalizie na Bruce Lee. Orodha ni ile ile uwe Nairobi, Dar, London au Chicago. Imenakiliwa mara nyingi mno, kiasi kwamba wengine wanaipendekeza bila kuisoma hata nusu.

Sina nia ya kuitupa orodha hiyo. Vitabu vyake karibu vyote ninavyo, vingine vimechakaa kwa kuazimishwa. Ninachotaka kukizungumzia ni namna vinavyosomwa.

Dojo ni mahali pa utiifu. Unaingia unainama, mwalimu anasema, unaitikia "osu", unafanya. Sioni ubaya hapo. Mtu akikurushia teke la sikio, huo si muda wa mjadala. Shida inaanza pale utiifu wa mwili unapohamia kwenye macho. Mtu anafungua kitabu alichotajiwa na sensei wake na anakisoma kama anavyopokea amri: ananyanyua sentensi tatu nzito, anaziweka kwenye hali ya WhatsApp, basi, amemaliza.

Na sentensi hizo hazibaki kwenye simu. Niliwahi kumwona kijana wa miaka kama kumi na saba, goti limevimba, anaomba apumzike raundi moja. Aliambiwa samurai halalamiki maumivu. Aliyemwambia hakuwa mtu mkatili. Alikuwa anarudia kitu alichosikia kwa mtu, ambaye naye alikitoa kwenye kitabu. Kijana akarudi kwenye mstari na kuendelea kupiga mateke kwa mguu ule ule. Kwa hiyo mtu akiniambia mambo ya nani kaandika nini na lini ni ya maprofesa, namkumbuka kijana yule. Kitabu kilisafiri karne na bahari, kikaenda kutua kwenye goti lake.

Pendekezo langu ni dogo. Hakuna anayejifunza kupigana peke yake. Unaweza kupiga kata mpaka jasho likauke, lakini bila mtu mbele yako hujui ngumi yako ina nini. Vitabu hivi navyo vipewe mpinzani. Kwa kila kitabu cha kwenye ile orodha, soma na kingine kinachokikabili. Nataja jozi ninazozipendekeza mimi.

Jozi ya kwanza: Nitobe na Benesch

Bushido: The Soul of Japan cha Nitobe Inazo kilitoka mwaka 1900, Philadelphia. Hebu kaa na taarifa hiyo kidogo. Kitabu ambacho wengi wanakishika kama sauti ya samurai wa kale kiliandikwa kwa Kiingereza, Marekani, na msomi wa uchumi wa kilimo, Mkristo wa madhehebu ya Quaker, aliyeoa Mmarekani. Nitobe alizaliwa 1862 katika familia ya kisamurai kweli, lakini tabaka hilo lilivunjwa akiwa bado mtoto. Amri ya kuwakataza kubeba panga hadharani ilitoka 1876, yeye ana miaka kumi na mitatu.

Katika utangulizi anasema mwenyewe kilichomsukuma. Msomi mmoja wa Kibelgiji alishangaa kusikia kwamba shule za Japani hazifundishi dini, akauliza sasa maadili mnayafundishaje? Kitabu kizima ni jibu la swali hilo. Ndo maana kila fadhila ya Kijapani ndani yake inatafutiwa ndugu wa Ulaya, na Shakespeare na Biblia havikai mbali. Nitobe ameketi sebuleni kwa wenyewe, anaeleza kwao.

Msomaji wa Kiafrika anaijua hali hiyo. Yeyote aliyewahi kuulizwa ugenini, kwa sauti ya upole, kama kwao kuna hiki au kile, anajua jinsi jibu linavyoanza kujipamba lenyewe mdomoni. Unaanza kueleza desturi ya bibi yako na ukifika katikati desturi imekuwa falsafa. Husemi uongo. Ila umechagua, umepanga, umepiga pasi. Nitobe amepiga pasi kwa ustadi mkubwa, na kitabu chake kina joto na heshima ambayo vitabu vingi vya aina hii havina.

Mpinzani wake ni Oleg Benesch, Inventing the Way of the Samurai, kilichotoka 2014. Hiki ni kitabu cha chuo kikuu: kikavu, kizito, na bei yake inaumiza. Soma utangulizi na sura za mwanzo, zinatosha. Hoja yake ni kwamba bushido kama mfumo mmoja wa maadili wa samurai wote ni kitu kilichojengwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, wakati Japani inajitafutia sura mbele ya dunia. Samurai wa zamani walikuwa na sheria za koo na mabwana tofauti, na hazikulingana. Miongoni mwa vioo vilivyotumika kuitengeneza sura mpya kilikuwemo kile cha muungwana wa Kiingereza. Baadaye dola ikakichukua kitu hicho, ikakipeleka mashuleni na jeshini, na tunajua kilikoishia mwaka 1945.

Ukishafika hapo, ndipo ufungue Hagakure, hicho chenye zile kauli kali kuhusu kifo. Maneno yake ni ya Yamamoto Tsunetomo, yaliyoandikwa na kijana aliyekuwa akimtembelea, kati ya 1710 na 1716. Tsunetomo alizaliwa 1659, miaka ishirini na zaidi baada ya uasi wa Shimabara, ambao ndio vita kubwa ya mwisho kabla ya amani ndefu ya enzi ile. Kazi yake kwa bwana wake ilikuwa ya nyaraka na utumishi wa ndani. Bwana alipofariki mwaka 1700, Tsunetomo alitaka kumfuata kaburini kama desturi ya zamani, lakini desturi hiyo ilikuwa imeshapigwa marufuku. Akanyoa nywele, akawa mtawa. Kwa hiyo maneno yale makali ni ya karani mstaafu ambaye hakuwahi kuiona vita, mwenye uchungu na zama zilizopita kabla hajazaliwa.

Bado ni kitabu cha kusisimua, na ukikisoma kama kitabu cha majonzi ya mzee kinakuwa kizuri zaidi. Ila usimpe mwalimu wa watoto akitumie kama mwongozo wa mazoezi.

Jozi ya pili: Herrigel na Yamada

Hii ndiyo jozi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ugomvi wake ni wa tafsiri.

Eugen Herrigel alikuwa mwanafalsafa wa Kijerumani aliyefundisha chuo kikuu mjini Sendai kuanzia 1924 hadi 1929. Akiwa huko alijifunza kyudo, yaani upinde, kwa mwalimu aitwaye Awa Kenzo. Kitabu chake, Zen in the Art of Archery, kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1948 na kwa Kiingereza 1953. Ni kifupi, unakimaliza Jumapili moja. Na kimeandikwa vizuri, hilo lisemwe wazi: jinsi anavyoeleza mkono usiojua kuuachia uzi, miezi na miaka ya kufanya kitu kile kile na kukosea, kila aliyewahi kufundishwa na mwili wake mwenyewe atajiona humo.

Kitabu kinasimama juu ya matukio mawili. La kwanza, Awa anamfundisha kwamba si yeye anayepiga mshale, kuna "Hicho" kinachopiga, na siku mshale unapotoka vizuri mwalimu anainama na kusema "Hicho" kimepiga. La pili, usiku, shabaha iko gizani na kijiti kimoja tu cha ubani kinawaka mbele yake. Awa anapiga mishale miwili. Wa kwanza unatua katikati, wa pili unampasua wa kwanza. Herrigel haulizi tena swali lolote.

Sasa mlete Yamada Shoji. Makala yake kuhusu hadithi hii ilitoka kwa Kiingereza mwaka 2001, na kitabu kamili, Shots in the Dark, mwaka 2009. Yamada ni mtafiti, na upinde anaujua. Anaanza na jambo ambalo wasomaji wengi walikuwa wamelipita: Herrigel na Awa walikuwa wakizungumza kupitia mkarimani, Komachiya Sozo, aliyekuwa mwanasheria. Awa alikuwa na lugha yake ya mafumbo, nyingine ameibuni mwenyewe, na mkarimani baadaye alikiri kwamba kuna mahali aliyatafsiri mafumbo hayo kwa uhuru mkubwa. Kuhusu lile neno "Hicho", Yamada anatoa dhana kwamba huenda Awa, baada ya mshale mzuri, alitamka tu kitu cha kawaida kabisa, cha aina ya "ndiyo hivyo!", na neno dogo la Kijapani likageuzwa nafsi yenye uwezo wa kupiga mishale. Hasemi amethibitisha. Anasema inawezekana, na anaonyesha kwa nini.

Na usiku wa mishale miwili? Usiku huo mkarimani hakuwepo. Miaka ya baadaye Komachiya alimwuliza Awa mwenyewe, naye akajibu kwamba ile ilikuwa bahati tu, hakukusudia kuonyesha kitu cha namna ile. Zaidi ya hapo, Awa hakuwa mtu wa Zen. Alikuwa na mafundisho yake binafsi, na Zen aliitafuta Herrigel, akaiona kwa sababu aliifuata.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video hatuhitaji kufundishwa hili mara mbili. Dar es Salaam tulikuwa na Lufufu, marehemu, sauti iliyosimama juu ya filamu za kung fu na za Kihindi na kutueleza kinachoendelea. Nairobi wana DJ Afro. Kila mtu ukumbini alijua kwamba Mchina yule hakusema maneno yale, kwamba jina lile la utani kapewa na msimuliaji, kwamba vichekesho nusu ni vya hapa hapa mtaani. Hatukuona tumedanganywa. Tulijua tunatazama filamu mbili kwa wakati mmoja, ya mwenye kamera na ya mwenye kipaza sauti. Herrigel naye anatusimulia filamu mbili, lakini wasomaji wake kwa miaka hamsini waliambiwa ni moja.

Liko na la tatu, na linauma. Herrigel alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1937, na akapanda mpaka kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Erlangen wakati wa vita. Kwenye kitabu halimo. Sisemi hilo linafuta ukurasa wake mzuri kuhusu mkono na uzi. Nasema kwamba mtu aliyeandika kwa utamu kuhusu kuiacha nafsi na kumtii mwalimu bila swali alikuwa na historia ya utii ambayo msomaji alistahili kuijua. Pale sensei wako atakapokwambia usiulize, utaelewa baadaye, hapo ndipo Yamada anapokuwa na faida. Wakati mwingine kweli utaelewa baadaye. Wakati mwingine hakuna cha kuelewa, ni tafsiri mbaya tu.

Jozi ya tatu: Funakoshi na Nagamine

Karate-Dō: My Way of Life ndicho kitabu ninachompa anayeanza. Funakoshi Gichin alizaliwa 1868 Shuri, Okinawa, akawa mwalimu wa shule ya msingi, akahamia Tokyo mwaka 1922 akiwa na zaidi ya miaka hamsini kwenda kuonyesha karate, na hakurudi kuishi kwao. Kumbukumbu zake alizichapisha karibu na mwisho wa maisha, alifariki 1957. Tafsiri ya Kiingereza ni ya 1975.

Uzuri wake ni udogo wa mambo yake. Anakwenda kwa mwalimu wake Azato usiku, anarudia kata ile ile kwa miezi, mwalimu amekaa kimya, neno lake kubwa ni "mara nyingine". Alfajiri anarudi nyumbani, na majirani wanashindwa kuelewa huyu bwana mdogo hutoka wapi kila usiku, wengine wanaamua lazima kuna danguro. Karate wakati huo ilikuwa ya siri, hakuweza kujitetea. Halafu, uzeeni kabisa, baada ya vita, mwizi anamvamia barabarani. Mzee anamkwepa na kumkamata sehemu za siri, mwizi anapiga kelele mpaka polisi anafika. Mwandishi mwingine angeifanya hiyo sura ya ushindi. Funakoshi anaandika kwamba aliona aibu, kwa sababu alishambulia.

Lakini kitabu hiki nacho kina pengo. Funakoshi ni mpole, na mpole huwaacha nje waliomkera. Kwa hiyo msomee pembeni Nagamine Shoshin, Tales of Okinawa's Great Masters, tafsiri ya mwaka 2000. Nagamine alikuwa polisi na mwalimu wa karate, na alifundishwa na watu wa kizazi kile, akiwemo Motobu Choki. Huyo Motobu ndiye mtu ambaye karate iliyosafishwa ilimwonea haya: mtoto wa ukoo mkubwa aliyepimia mbinu zake kwenye ngumi za mtaani. Miaka ya mwanzo ya 1920 huko Kyoto, akiwa ameshapita hamsini, alipanda ulingoni na kumwangusha bondia wa kigeni. Jarida kubwa la Kingu lilipoisimulia habari hiyo mwaka 1925, picha zilizochorwa zilimwonyesha Funakoshi. Motobu alipigana, sura ikawa ya mwalimu wa shule.

Wawili hawa hawakupatana. Ukiwasoma pamoja unaelewa kwamba mabishano tunayoyasikia kila siku baada ya mazoezi, kata ina maana gani, karate ni malezi au ni kupigana, yalikuwepo tangu mwanzo, kati ya watu waliofundishwa kisiwa kimoja. Hakuna zama ambapo wote walikubaliana. Mimi hilo lilinipa amani. Linakuondolea mzigo wa kutafuta "karate halisi" iliyopotea.

Jozi ya nne: Bruce Lee na Jack Dempsey

Tao of Jeet Kune Do kilitoka 1975, miaka miwili baada ya Bruce Lee kufariki akiwa na miaka thelathini na miwili. Yeye hakukichapisha. Mwaka 1970 aliumia mgongo vibaya akiwa anafanya mazoezi ya uzito, akalazimika kulala miezi, na katika kulala huko akasoma na kuandika madaftari. Kitabu kilikusanywa na wengine kutoka kwenye madaftari hayo.

Kwa hiyo usikisome kama kitabu. Ni daftari la mwanafunzi. Na kama yalivyo madaftari yetu ya chuo, kimejaa mambo yaliyonakiliwa kwenye vitabu vya watu bila kuandika ya nani: walimu wa masumbwi, wapiganaji wa vitara wa Ulaya, Krishnamurti. Wapo waliompigia kelele marehemu kwa hilo, na naona wamemwonea, maana daftari lako halina wajibu wa kutaja chanzo. Ila sisi wasomaji tuna wajibu wa kujua. Mashabiki wananukuu "maneno ya Bruce" ambayo Bruce aliyapenda tu, akayaandika pembeni.

Basi nenda kwenye moja ya vyanzo. Jack Dempsey, bingwa wa dunia wa uzito wa juu kuanzia 1919 hadi 1926, aliandika Championship Fighting mwaka 1950. Ni kitabu cha fundi. Anakueleza jinsi mguu wa mbele unavyonyanyuka kidogo na mwili kuanguka mbele, na ngumi ikafika kabla mguu haujatua, ili uzito wako wote uwe ndani ya ngumi. Anaeleza ngumi ikunjwe vipi, na nguvu ipite kwenye kifundo kipi. Hana falsafa hata moja, na ana hasira na makocha wanaofundisha madoido kabla ya nguvu.

Ukivisoma viwili hivi kwa pamoja utaona jambo ambalo sinema zilituficha. Jeet Kune Do, iliyouzwa kama siri ya Mashariki, ina damu nyingi ya masumbwi ya Marekani. Bruce Lee hakuificha. Alikuwa anachukua kinachofanya kazi popote alipokikuta. Tuliomgeuza kuwa nabii wa Kichina ni sisi. Mimi namheshimu zaidi hivi, mtu mwenye mgongo mbovu, kalamu mkononi, anamsoma Dempsey.

Aliyejiletea mpinzani

Mmoja kwenye orodha simpi jozi ya kumpinga, kwa sababu amejipinga mwenyewe. Go Rin no Sho, kitabu cha magombo matano cha Miyamoto Musashi, kilikamilika 1645, mwaka aliofariki. Wengi wanakumbuka majigambo ya mwanzo: mapambano zaidi ya sitini, kuanzia umri wa miaka kumi na tatu, bila kushindwa. Wanaruka kinachofuata mara moja. Anasema alipopita thelathini aliangalia nyuma akaona kwamba huenda hakushinda kwa sababu ya ujuzi. Pengine ni kipaji, pengine wale wengine walikuwa dhaifu. Ndipo akaanza upya, na anasema ilimchukua mpaka karibu miaka hamsini kuelewa. Na gombo zima kati ya yale matano, la Upepo, analitumia kuchunguza shule za wengine, kwa kuwa haamini unaweza kujijua bila kuwajua wao.

Kitu cha kusoma pembeni yake ni riwaya: Musashi ya Yoshikawa Eiji, iliyotoka kwa mfululizo gazetini kuanzia 1935 hadi 1939. Ni nene kama tofali na haichoshi. Inafikia kilele kwenye pambano la kisiwani na Sasaki Kojiro, ambalo kila mpenzi wa samurai analijua. Sasa rudi kwenye Go Rin no Sho ulitafute pambano hilo. Halimo. Musashi hakumtaja Kojiro hata mara moja. Mwandishi wa riwaya alihitaji kilele. Mzee aliyekuwa anakaribia kufa alikuwa na mambo mengine ya kusema.

Na vitabu vya sisi wengine

Vitabu vyote hivyo ni vya mabingwa, au vya watu waliowatazama mabingwa kwa kuinua shingo. Wengi wetu hatutakuwa mabingwa. Tuna kazi, tuna foleni ya kurudi nyumbani, tuna bega linalouma likipigwa na baridi. Kwa ajili yetu napendekeza Body & Soul cha Loïc Wacquant, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 2000 na kwa Kiingereza 2004. Mwaka 1988 Wacquant, mwanasosholojia Mfaransa, aliingia ukumbi wa masumbwi kwenye mtaa wa watu weusi kusini mwa Chicago, akiwa na nia ya kuutazama mtaa. Akajikuta anavaa glovu, akakaa karibu miaka mitatu, akapanda ulingoni kwenye mashindano ya Golden Gloves.

Hakuna fumbo humo. Kuna kengele ya raundi, kamba, mfuko, kioo, kocha mzee DeeDee Armour kwenye kiti chake akiona kila kitu. Kuna kurudia. Wacquant anaonyesha jinsi mwili unavyoelewa kitu kabla kichwa hakijakipata, jambo lile lile Herrigel alilolivisha kanzu ya Zen, na halihitaji mshale kupasua mshale gizani. Kama ukitaka mpinzani, mpe Joyce Carol Oates, On Boxing, cha 1987. Oates anaandika akiwa kwenye viti vya watazamaji, na anaandika kwa ukali na uzuri kuliko Wacquant. Anaona mambo ambayo aliyepigwa pua hawezi kuyaona. Vilevile yako ambayo pua tu ndiyo inayajua.

Najua gharama. Hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho nimewahi kukikuta kwa Kiswahili, na kuagiza vyote ni mshahara wa mtu. Kama una uwezo wa kupata viwili tu, nunua Funakoshi, halafu tafuta ile makala ya Yamada ya 2001, iko mtandaoni bure. Mzee mmoja anayekufundisha kuwa mpole, na mtafiti mmoja anayekufundisha kuuliza. Tena anzisheni mzunguko pale dojo: kila mtu anunue kimoja, kizunguke, na kila anayekirudisha aseme mbele ya wenzake ni wapi hakukubaliana nacho.

Na ukisikia sentensi nzito inapita kwenye mstari wa mazoezi, iwe ya kifo, ya maumivu au ya kutii, jiulize mambo matatu kabla hujaitikia: nani aliyasema haya, alikuwa anamwambia nani, na yeye mwenyewe alipigana na nani? Ukikosa jibu, inama kwa heshima kama kawaida, halafu mpumzishe yule mwenye goti lililovimba.